Herufi Moja Iliyoniponza: Nilivyoacha Namba ya Mama wa Staa Wazi Mtandaoni

Najua mmezoea kuja hapa kuchota ubuyu wa watu. Leo ubuyu ni wangu mwenyewe, nimeukalia muda mrefu mpaka umeanza kunikereketa kooni.

Tukubaliane kitu kimoja kabla hatujaanza. Staa simtaji. Meneja wake simtaji. Ukurasa uliorusha ile picha nao siutaji. Najua humu kuna wapelelezi kuliko polisi, mtaanza "mimi namjua, si yule aliyetoa ile ngoma..." Jamani, acheni. Mkimtafuta mpaka mkampata mtakuwa mmerudia kosa lile lile nililofanya mimi, na ndiyo sababu naandika.

Haya, twende.

Mimi ni kijana wa Dar, natengeneza tovuti. Kazi yangu ni kuandika kodi, na siyo ile kodi ambayo baba mwenye nyumba ananidai kila baada ya miezi sita. Siku moja napigiwa simu na meneja wa msanii mmoja wa kike, mkubwa kweli, yule ambaye akiposti kikombe cha chai tu watu maelfu wameshapenda kabla chai haijapoa.

"Kaka, tunataka klabu ya mashabiki. Kila mtu ajisajili, awe na ukurasa wake, picha yake, namba yake ya uanachama. Wiki mbili, unaweza?"

Nani angesema hapana? Nikamwambia naweza hata siku kumi. Nusu ya hela ikaingia kwenye simu jioni ile ile, nikaenda kula chipsi kuku kwa kujidai.

Kazi ikiwa katikati, meneja akaongeza jambo. Walikuwa wanapanga safari ya mashabiki kwenda Bagamoyo kwa mabasi, kwa hiyo akataka kila mwanachama aandike namba ya ndugu wa karibu, likitokea la kutokea ajulikane wa kupigiwa. Wazo zuri tu. Nikaongeza hicho kisanduku kwenye fomu. Staa mwenyewe akajisajili wa kwanza kabisa, tukiwa sebuleni kwake tunaujaribu mfumo. Kwenye namba ya ndugu wa karibu akaandika ya mama yake mzazi. Na kwa sababu ndiye aliyetangulia, mfumo ukampa namba 1.

Ikumbukeni hiyo namba 1.

"CHUMBA CHANGU" NA "CHUMBA NAMBA 7"

Sasa hapa lazima niwaeleze kidogo mambo ya ndani. Msikimbie, ni mepesi.

Nilijengea Ruby on Rails. Ni fremuweki, yaani kifaa kizima cha kujengea tovuti ambacho vitu vingi kimeshakuandalia. Aliianzisha Mdenmaki mmoja anaitwa David Heinemeier Hansson, ikatoka mwaka 2004, juu ya lugha ya Ruby ambayo Mjapani Yukihiro Matsumoto aliitoa mwaka 1995. Ukitumia GitHub, umeshatumia kitu kilichojengwa kwa Rails.

Ndani ya kila tovuti ya Rails kuna faili la njia. Fikiria ni mapokezi ya gesti. Mtu anakuja na anwani aliyoandika kwenye simu yake, mapokezi wanaangalia daftari kuanzia juu kwenda chini, mstari wa kwanza unaolingana ndio unaompeleka chumbani. Hawaendelei kusoma.

Kwenye daftari hilo unaweza kuandika kitu kwa namna mbili.

Ya kwanza ni ya wingi: `resources :profiles`. Hapa unaiambia Rails kwamba kuna wasifu wengi, kila mmoja una namba yake. Kwa mstari huo mmoja inakufungulia milango 7: orodha ya wote, fomu ya kuanzisha mpya, kuhifadhi mpya, kuangalia mmoja, fomu ya kuhariri, kuhifadhi mabadiliko, na kufuta. Anwani zake zinabeba namba: `/profiles/7`, `/profiles/7/edit`.

Ya pili ni ya umoja: `resource :profile`, bila ile "s". Hapa unasema kuna wasifu mmoja tu kwa huyu aliyesimama mbele yako. Inakufungulia milango 6, kwa sababu orodha haipo. Mtu hawezi kuwa na orodha ya yeye mwenyewe. Anwani ni `/profile` tu. Namba haipo popote.

Tofauti yake ni hii. Mgeni akifika mapokezi akasema "naomba ufunguo wa chumba changu", dada wa mapokezi anamwangalia usoni, anaangalia daftari, anampa wa kwake. Hata akitaka kudanganya hana pa kuanzia. Lakini mgeni akisema "naomba ufunguo wa chumba namba 7", dada ana kazi ya ziada. Lazima aulize: wewe ndiye wa namba 7?

Mambo haya hamjaanza kuyaona leo. Ukibonyeza "hariri wasifu" kwenye mtandao wowote, hakuna anayekuuliza namba yako. Ukitaka kumchungulia mtu mwingine, lazima utaje jina lake au namba yake. GitHub wameliandika wazi kabisa kwa wale wanaounganisha programu zao: ukiomba `/user` unapewa wewe uliyeingia, ukiomba `/users` pamoja na jina la mtu unapewa huyo mtu. Herufi moja imebeba maana nzima ya "mimi" na "yule".

Kwa klabu ya mashabiki nilihitaji zote mbili. Shabiki aone na ahariri wasifu wake, na aweze kuchungulia wasifu wa mashabiki wenzake. Nikaandika mistari miwili, umoja juu, wingi chini. Nikajiona mjanja.

RAILS HAIJUI KISWAHILI

Hapo kuna kichekesho kidogo. Mwanzoni nilitaka majina yote yawe ya Kiswahili. Rails ina mashine ya kugeuza umoja kuwa wingi, ila imefundishwa Kiingereza. Ukiipa "person" inakurudishia "people", haikosei. Nikaipa "shabiki". Ikanirudishia "shabikis". Nikaipa "tiketi", ikasema "tiketis". Nilicheka peke yangu usiku wa manane mpaka jirani akagonga ukuta. Kuna faili la kuifundisha kwamba shabiki wingi wake ni mashabiki, na kwamba tiketi ni tiketi hata zikiwa mia. Lakini siku zilikuwa zinakwenda, nikarudi kwenye Kiingereza.

Ningekaa pale nikaisoma vizuri hiyo tabia yake ya umoja na wingi, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Maana Rails ina jambo moja linalowaponza wengi: ukiandika `resource :profile` kwa umoja, bado inakupeleka kwa kontrola ya wingi. Yaani mtu anayeshughulikia "wasifu wangu" na anayeshughulikia "wasifu namba 7" ni yule yule mmoja, meza moja, usipomwambia vinginevyo.

Jambo la pili ni baya zaidi. Kila njia inapewa jina la kuitwa ndani ya kodi. Mlango wa umoja unataka kuitwa `profile_path`. Mlango wa wingi wa kuangalia mtu mmoja nao unataka kuitwa `profile_path`. Wawili, jina moja. Rails haipigi kelele. Aliyetangulia kwenye faili anachukua jina, wa pili anafanya kazi lakini hana jina. Kimyaaa.

Kwa kuwa umoja ulikuwa juu, jina likawa lake. Nikatengeneza fomu ya kuhariri kwa njia ya kawaida ya Rails, ile ya kuikabidhi wasifu na kuiachia yenyewe itafute pa kutuma. Ikawa inatuma kwenye anwani ya ajabu: `/profile.7`. Nukta saba! Namba ilikosa pa kukaa, ikabandikwa mwishoni kama vile ni aina ya faili, kama mtu anavyoandika picha.jpg. Baadhi ya kurasa zikaanza kugoma.

Ilikuwa saa nane usiku. Uzinduzi kesho yake saa kumi jioni. Meneja ananitumia meseji kila nusu saa: "Kaka vipi?" "Kaka tupo pamoja?"

Basi nikafanya lile lililonimaliza. Nikakata mstari wa wingi nikaubandika juu ya ule wa umoja.

Kila kitu kikakaa sawa. Fomu ikatuma `/profiles/7`, ikahifadhi, ikarudi. Linki ya "Wasifu wangu" iligoma kidogo, nikaiandika kwa mkono. Nikashukuru Mungu, nikalala.

Nilichokuwa nimefanya ni hiki: nilihamisha kuhariri kutoka "chumba changu" kwenda "chumba namba 7". Na kule kwenye kontrola nilikuwa nimeandika mstari mmoja unaotumika kote: ukija na namba nakupa wa namba hiyo, ukija bila namba nakupa wako. Kwa kuangalia tu, sawa. Kwa kuhariri, ni msiba. Nilikagua kwamba umeingia kwenye akaunti. Sikukagua kwamba wewe ni nani.

USIKU WA SIMU

Uzinduzi ulipendeza. Watu walijisajili, wakaposti picha zao za uanachama, meneja akanitumia nusu ya pili ya hela na moyo mwekundu.

Siku ya nne, saa tano usiku, simu yangu inaunguruma mezani. Meseji, meseji, meseji. Nafungua nakuta skrinishoti. Ni fomu yangu mimi, rangi nilizochagua mimi, na juu yake anwani: `/profiles/1/edit`.

Kijana mmoja alikuwa amebonyeza "hariri" kwenye wasifu wake, akaona namba yake kwenye anwani, akajiuliza itakuwaje akiweka 1. Hakudukua chochote. Hakuiba neno la siri la mtu. Alifuta tarakimu, akaandika nyingine. Fomu ya staa ikafunguka na kila kitu kimejazwa: jina lake kamili, tarehe halisi ya kuzaliwa, namba yake binafsi, na namba ya mama.

Akairusha kwenye grupu la WhatsApp. Grupu likarusha kwingine. Ukurasa mmoja wa udaku ukaiposti na kile kicheko cha machozi, wakachora duara jekundu kwenye tarehe ya kuzaliwa, kumbe dada alikuwa amejipunguzia miaka. Watu wakacheka umri usiku kucha.

Namba ya staa iligeuka ya moto, akaizima. Namba ya mama haikuzimwa, kwa sababu mama hakujua kinachoendelea.

Nilizima tovuti nzima saa tano na dakika arobaini. Nikakaa kwenye sakafu na kompyuta mapajani, nikasoma kumbukumbu za mfumo. Watu 38 walikuwa wameifungua ile fomu. Hakuna aliyebonyeza kuhifadhi, ingawa wote wangeweza. Wangeweza kumbadilishia jina, picha, chochote, na mimi ningekuwa nimewapa ruhusa kwa mkono wangu.

Asubuhi saa mbili staa akanipigia mwenyewe. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa nayo.

"Mdogo wangu, mimi nimezoea kusemwa. Umri watacheka wiki moja, watapata kingine. Ila nakutumia namba, umpigie mama umwombe radhi wewe. Mimi nimeshindwa kumweleza kilichotokea."

Nikapiga. Mkono unatetemeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikajitambulisha, nikaanza kueleza. Nikajikuta nazungumza habari za njia na namba, nikanyamaza. Mama akasubiri nimalize kunyamaza, ndipo akasema:

"Simu imeita tangu saa sita usiku. Watu nisiowajua. Wa kwanza akauliza, wewe ndiye mama yake fulani? Nikasema ndiyo. Akakata. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Mwanangu, mimi nilijua amekufa. Nilijua wanaogopa kuniambia. Nimekaa kitandani mpaka alfajiri nasubiri mmoja aniambie."

Nilimwomba radhi. Akasema amesamehe, akaniuliza kama nimekunywa chai. Hilo swali la chai ndilo lililonitoa machozi.

NILIVYOREKEBISHA

Nilirudi kwenye lile faili nikiwa mtu mwingine. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kile nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: kuandika amri ya `bin/rails routes`, ambayo inakupangia milango yote ya tovuti yako, kila jina na kila anwani. Sikuwahi kuiangalia hata mara moja.

Umoja 6, wingi 7. Milango 13. Nikahesabu niliyokuwa naihitaji kweli: kuona wangu, fomu ya kuhariri wangu, kuhifadhi wangu, na kumwona mwingine. Minne. Tisa ilikuwa imekaa tu.

Nikafunga. Wingi nikauachia kuangalia peke yake, `only: [:show]`, na ukurasa huo unaonyesha jina la utani na picha basi. Umoja nikaupa jina lake tofauti kabisa, `/akaunti`, na kontrola yake tofauti, ili wasigombanie tena jina wala meza. Kontrola hiyo haisomi namba kutoka kwenye anwani hata ukiiandika. Inamuuliza aliyeingia, basi. Fomu nayo nikaiambia wazi pa kutuma, nisiiachie ibahatishe. Kama unataka kubaki na jina moja, tangu Rails 5.1 kuna amri ya `resolve` ya kuiambia kwamba wasifu huu anwani yake ni ya umoja. Mimi nilichagua majina mawili, ili hata mtu atakayeipokea kazi baada yangu asipotee.

Halafu nikaandika jaribio dogo: mwanachama namba 212 anajaribu kufungua fomu ya namba 1, tovuti inatakiwa imkatalie. Dakika kumi za kazi. Dakika kumi!

Msidhani ni mimi tu mjinga wa peke yangu. OWASP, shirika linaloorodhesha hatari kubwa za tovuti duniani, mwaka 2017 liliweka udhaifu huu wa kumruhusu mtu kufikia kisichokuwa chake kwenye nafasi ya tano. Mwaka 2021 ukapanda mpaka wa kwanza. Na mwaka 2019 huko Marekani, kampuni ya First American Financial iligundulika imeacha takriban faili milioni 885 za wateja wa nyumba na mikopo wazi, na ufunguo wake ulikuwa ni huo huo, unabadilisha namba kwenye anwani. Kampuni kubwa, wanasheria na kila kitu.

Hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Ukikusanya namba za watu una wajibu nazo. Mimi sheria hiyo niliijua baada ya kumsikia mama wa watu. Ninyi ijueni kabla.

Meneja hakunipa kazi tena, na simlaumu. Staa alibadilisha namba. Mama hakubadilisha, alisema ndugu zake wote wa kijijini wanaijua hiyo, atawatafuta vipi? Kwa hiyo kwa miezi kadhaa aliendelea kupigiwa na watu wasio na kazi. Safari ya Bagamoyo haikufanyika.

Kwa nyie mnaojaza fomu kila mkipita: ukibonyeza "hariri" ukaona kwenye anwani kuna namba yako, usiibadilishe kuchungulia. Watumie wenye tovuti ujumbe, waambie wakague. Na skrinishoti ya namba ya mtu ikikufikia, ifie kwako. Huyo mnayemwita staa ana mama amelala na simu chini ya mto.

Kwa vijana wenzangu wa kodi: kabla hujaweka umoja na wingi kwenye faili moja, jiulize kila mlango anayeingia anataja namba au anaangaliwa usoni.

Haya, uwanja wenu. Nani humu ameshawahi kukuta taarifa zake ziko wazi mahali, na ulifanya nini? Tiririkeni hapo chini. Na ole wake atakayeandika jina la mtu, nitafuta.